Vijana Wanne wa Kunibeba

Mimi nilikuwa namba saba. Namba sita ilikuwa keki, namba nane spika, na katikati yao, kwa mwandiko safi wa Bi Ratiba: "Mama wa bibi harusi – vijana wanne wa kumbeba." Karatasi ile, orodha ya vitu vya kupandishwa ukumbini, aliniletea binti yangu mwenyewe kibandani, nikiwa namalizia pindo la gauni lake la harusi. Nikaisoma. Nikaisoma tena. Damu ikanichemka hadi nikajichoma sindano.

"Mama, ni ngazi ishirini na mbili tu," binti yangu akasema. "Dakika moja, uko juu."

Tu! Hiyo "tu" yake iliniuma kuliko sindano.

Nijieleze kidogo. Mimi ni fundi wa nguo. Miguu yangu haijanibeba tangu nikiwa na miaka minne, lakini mikono yangu imevalisha nusu ya mtaa huu. Cherehani yangu ni ya kuzungusha kwa mkono, kiti changu ni cha magurudumu, na mlango wa kibanda ulipanuliwa kwa inchi nilizozitaja mimi, nikimsimamia seremala mpaka akanichukia. Kila asubuhi natoka nyumbani, navuka barabara, nafungua kufuli, napiga kazi, narudi. Binti yangu nimemlea peke yangu. Baba yake alikwenda kutafuta maisha, na nadhani mpaka leo hajayapata.

Bi Ratiba ni shangazi wa bwana harusi, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa kamati. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu hata maji ya kunywa anayapangia saa. Si mtu mbaya, haki ya Mungu. Ila amezoea kupanga watu kama madawati. Ukumbi alishauchagua: ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani katikati ya mji, madirisha marefu, sakafu ya mbao inayong'aa. Na binti yangu ameutamani ukumbi ule tangu anasoma shule, akipita chini yake na kuinua shingo. Hilo nalijua. Ndiyo maana shauri lilikuwa gumu.

"Na lifti?" nikamuuliza.

"Shangazi amesema ipo."

Kesho yake nikaenda kuiona hiyo lifti. Ipo kweli. Ndani yake kuna mafagio matatu, ndoo, na kiti kilichovunjika mguu. Mlinzi amefanya kazi pale miaka kumi na moja, na akaniambia hajawahi kuiona ikipanda.

Mimi nilishabebwa mara moja, na mara moja inatosha. Ilikuwa harusi ya mdogo wangu, miaka kumi na tisa iliyopita. Vijana wanne vilevile. Walinipandisha huku wakielekezana, "inua huku, angalia mguu wake," utadhani wanahamisha kabati. Kiti changu kiliachwa chini kwa sababu hakikupita mlangoni. Wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki, kona ya ukumbi karibu na stoo, na binti yangu wa miaka sita pembeni yangu. Wakasema watarudi. Thubutu! Muziki ulikuwa mtamu, wakanisahau. Picha ya ukoo ikapigwa upande wa pili wa ukumbi, mimi simo. Haja ilinibana tangu saa nane mchana mpaka watu wakaanza kutawanyika. Nikatabasamu muda wote huo, mashavu yakauma. Siku ile niliapa kwamba sitabebwa tena na mtu, labda nikiwa maiti.

Basi nikavaa futi kamba shingoni nikaenda kupima kumbi mwenyewe.

Kiti changu kina upana wa inchi ishirini na tano na nusu. Ukumbi wa kwanza mlango wake wa mbele ulikuwa mpana, ila choo kilikuwa inchi ishirini na mbili. Meneja akaniuliza, "Kwani mama utahitaji choo?" Nikamuuliza yeye huwa anafanyaje. Ukumbi wa pili kulikuwa na msimamizi mwenye tai, mpole kabisa, akaniambia nizungukie nyuma kwenye mlango wa mizigo. "Mizigo gani?" nikamuuliza. Akajikuna kichwa. Wa tatu hata barabara sikuvuka. Niliona ngazi nikiwa ng'ambo, nikageuza.

Wa nne lilikuwa jengo la zamani la zimamoto. Wenyewe walishahamia kwingine, na siku hizi linakodishwa kwa mikutano na mazoezi ya karate. Mlango wa magari ulikuwa mpana mno, futi kamba yangu ilibidi niirudie mara tatu. Sakafu ilikuwa sawasawa na barabara, bila hata kizingiti. Chooni niligeuza kiti mzunguko mzima. Nikageuza tena, kwa raha zangu tu. Madoa ya oili yalikuwepo, na harufu ya mpira mkuukuu, sikatai. Lakini niliingia kwa mlango wa mbele, nikatoka kwa mlango wa mbele, na hakuna aliyenigusa.

Nilipompigia simu Bi Ratiba alicheka mpaka akakohoa. "Harusi kwenye zimamoto? Kwani kuna nini kinaungua?"

"Mimi," nikamjibu.

Akaacha kucheka. "Mama, kamati imeshaamua. Mkutano wa mwisho ni Jumamosi, ukumbini hapohapo, tuoneshane nani atakaa wapi. Vijana watakuja kukupandisha."

"Nitakuwepo," nikasema, na nikakata simu kabla sijasema mengine.

Jumamosi saa nne kasoro nilikuwa chini ya ngazi zile, gauni la binti yangu mapajani ndani ya shuka safi, sindano mkononi, mkasi kando. Wanakamati wakapita mmoja mmoja, "shikamoo mama, shikamoo," wakapanda. Kisha wakaja wale vijana, rafiki zake bwana harusi, mabega kama milango. Mmoja akainama kushika mkono wa kiti changu. Nikafunga breki.

"Atakayekigusa kiti hiki nitamkata mkono," nikasema. Nikainua mkasi. "Wa shati."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nao wakaacha.

Bi Ratiba akachungulia kutoka juu. "Jamani, mnangoja nini? Tunachelewa!"

"Simcheleweshi mtu," nikapaza sauti. "Mkutano uko juu, mimi niko chini. Fungueni tu. Nikitaka kuchangia nitapiga kelele."

"Mama, usitutie aibu!"

"Aibu ni hiyo lifti yenu ya mafagio!"

Mlinzi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Huko juu minong'ono ikaanza, viti vikaburuzwa, mtu akasema mama huyu ana kiburi. Ninacho. Nimekishona mwenyewe, na kinanitosha vizuri.

Halafu binti yangu akashuka, mbio mbio, uso umemwiva. Akasimama ngazi mbili juu yangu.

"Mama, kwa nini unanifanyia hivi? Siku yangu moja! Mbona kwenye harusi ya mama mdogo ulibebwa, na tukafurahi?"

"Tulifurahi?"

"Si tulicheza ule mchezo wetu? Atakayenyanyuka kwanza ameshindwa. Mimi nilishindwa, nikaenda kwenye muziki. Wewe hukunyanyuka mpaka mwisho. Nilimwambia kila mtu shuleni kwamba mama yangu hashindwi."

Mchezo ule nilikuwa nimeusahau. Niliubuni palepale konani, kwa sababu mtoto aliniuliza kwa nini hatuendi kupiga picha na wenzetu, na sikuwa na la kumjibu. Miaka kumi na tisa mwanangu ameitunza siku ile kama siku nzuri, na mimi ndiye niliyemdanganya.

"Mwanangu," nikasema, "mimi sikuwa nacheza."

Nikamweleza yote. Kiti kilichoachwa chini, stoo, picha, haja iliyonibana. Nilimweleza mbele ya vijana wanne na mlinzi, na huko juu nako kulikuwa kimya, kwa hiyo wakwe walisikia. Sikuona haya. Haya yangu niliimaliza siku ile kwenye kiti cha plastiki.

Binti yangu akakaa kwenye ngazi. Machozi yakamtoka bila sauti, akayafuta kwa kiganja jinsi alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Akainua shingo kuyatazama yale madirisha yake marefu huko juu, nisijue anayaaga au ananilaani. Kisha akanyanyuka.

"Shangazi!" akaita. "Shukeni. Mkutano uko huku chini."

"Lakini binti, nimeshapanga karatasi mezani..."

"Shukeni nazo. Tunahamia zimamoto."

Wakashuka. Bwana harusi, fundi umeme, mtu wa maneno machache, alitangulia, akasema taa za zimamoto ataziweka yeye. Bi Ratiba alikuwa wa mwisho. Alishuka upande upande, mkono ukutani, akikunja uso kila ngazi.

"Hilo goti limeanza lini?" nikamuuliza alipofika.

"Usiniulize," akasema, akihema. Akavuta kalamu nywelini, akaifuta namba saba kwa mistari miwili, pale pale mbele yangu. "Haya. Huko zimamoto kuna ngazi?"

"Hata kizingiti hakuna."

"Afadhali," akasema, akilisugua goti lake.

Siku ya harusi milango ya zimamoto ilifunguliwa yote. Nilitangulia mimi, magurudumu yangu mwenyewe, mikono yangu mwenyewe, na binti yangu nyuma yangu katika gauni nililolishona. Madoa ya oili yalifunikwa na mikeka, machache yakabaki, na hakuna aliyekufa. Picha ya ukoo ilipopigwa nilikuwa katikati, na mpiga picha nilimwambia arudie mara tatu.

Muziki ulipoanza binti yangu akaacha kiti chake cha heshima, akaja kuchuchumaa kando yangu, shela limemwagika sakafuni. Macho yalikuwa yanacheka na yamelowa.

"Mama," akaninong'oneza, "mchezo wetu. Atakayetoka hapa kwanza ameshindwa."

"Basi nimeshindwa," nikamwambia, nikafungua breki, nikaelekea kwenye muziki.