Barua ya Elie

Nasema wazi: nilimwonea Elie wivu tangu siku aliyokaa kwenye kiti changu.

Shirika letu lilitunza orodha ya watoto waliopotezana na wazazi wao, na mwaka ule wa 2015, Warundi walivyokuwa wakimiminika, orodha ilirefuka kila siku. Majina yaliandikwa Kibondo, kwenye seva ya huko. Kazi yangu mimi, Faudhia, ilikuwa kuhakikisha kwamba kila siku saa saba mchana seva ya Kasulu inavuta nakala ya majina hayo kupitia mtandao, pamoja na mafaili ya kompyuta zetu za ofisini. Seva ya Kibondo ikifa, tusipoteze hata mtoto mmoja. Programu ile niliisimika mwenyewe, kwenye Linux, bila fundi wa Dar. Watu waliniita Mama Seva, na nilipenda.

Kisha mtandao ukawa unakatika nakala ikiwa katikati, nikahangaika wiki mbili. Bosi wetu, Mzee Bazilio, akamleta Elie, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu aliyesomea kompyuta Bukavu. Siku ya kwanza tu akaifanya programu iendelee pale ilipokatikia badala ya kuanza upya. Mzee Bazilio akaanza kumwita Mwalimu. Zena wa mapokezi, ambaye kwa miaka mitatu hajawahi kuniuliza kama nimekunywa chai, akawa anamtilia tangawizi. Roho iliniuma, sifichi. Kwa utaratibu wetu mkimbizi hakupewa mkataba, kwa hiyo kiti changu hakikuwa hatarini. Nilijua hilo, na bado nililala vibaya.

Alhamisi moja ya Novemba akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada Faudhia, mulishaka jaribu kurudisha hata dosiye moja?"

Sikuwahi kurudisha faili hata moja. Kila siku programu iliandika kwa kijani kwamba imefaulu, nami nikaamini. Tukajaribu. Folda ya watoto ikarudi tupu.

Kosa lilikuwa langu. Mwezi Machi diski ya Kibondo ilijaa, nikahamishia majina kwenye diski mpya, na pale pa zamani nikaacha kiungo cha kuelekeza huko. Programu ilikuwa ikinakili kiungo chenyewe bila kukifuata. Miezi minane tulikuwa tunatunza kibao cha njia, nyumba tumeiacha nje.

Elie akaongeza mstari mmoja wa kuitaja diski mpya, nakala ikaanza kuja yote.

"Ni kitu ya kawaida," akasema. "Siku ya Jumatatu nitaelezea chef muzuri vile inatembea."

Nikamwona akilini bosi, Mzee Bazilio, akisikiliza aibu yangu, na Zena amesimama mlangoni na birika.

Elie hakuweza kutoka kambini bila kibali, na kibali cha wiki kilitolewa kwa barua ya ofisi. Barua hiyo niliiandika mimi kila Ijumaa. Ijumaa ile niliiandika kama kawaida, nikaihifadhi kwenye kompyuta, sikuichapa. Dereva wa ofisi anayekwenda kambini aliponiuliza kama kuna cha kupeleka, nikamwambia hakuna.

Jumapili radi ilipiga Kibondo, seva ikaungua pamoja na diski zote mbili. Jumatatu asubuhi nilikaa peke yangu, nikarudisha. Yakashuka majina yote, elfu moja mia tisa na kumi na manne, na picha zao.

Mzee Bazilio akatukusanya sote.

"Mwanangu, umetuokoa," akaniambia. "Elie alipokuwa anaondoka Alhamisi alisema kasoro mliigundua pamoja, na bila wewe asingejua majina yalihamia wapi. Yuko wapi, tumpe mkono?"

"Hajaja. Hana kibali wiki hii."

Akatikisa kichwa. "Watu wa kambini wana mitihani."

Hakuna aliyeuliza barua huandikwa na nani. Wakanipigia makofi, Zena akaniletea chai ya tangawizi. Laiti Elie angekuwa amenisengenya. Nilimwonea wivu hata kwa wema huo.

Saa saba programu ikaanza kazi. Ikanakili kila kilichokuwa kwenye kompyuta yangu, pamoja na barua ya Elie yenye tarehe ya Ijumaa, kisha ikaandika kwa kijani kwamba imefaulu.