Kipenyo cha Toroli

Mume wangu ni fundi wa kujenga, na mtaa mzima humwita Timazi, kama ule uzi wa kupimia ukuta usimame wima, maana hana subira na kitu kilichopinda. Yeye ndiye aliyejenga ukuta wa nyumba za wenye nazo, ule uliotutenga na hospitali. Zamani, hapo palipokuwa uwanja mtupu, tulikatiza tu, dakika kumi umefika.

Mafundi huacha kipenyo cha kupitishia toroli, wakakiziba siku ya mwisho. Siku hiyo majirani walikwenda kumwomba msimamizi awaachie hapo kilango. Muungwana yule alimwambia Timazi angoje hadi Jumatatu, yeye akawaulize wenye nyumba. Mama mkwe alifurahi kuliko wote. Alikuwa na pumu, na kila wiki alipita pale kwenda hospitali.

Mimi ndiye niliyeharibu. Nilimwambia mume wangu, "Baba Watoto, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wakikuta hujamaliza, kazi ya ndani watampa mwingine. Ziba."

Akaziba. Jumatatu msimamizi alikuta saruji imeshakauka, akasema habari ya kuvunja ukuta mpya hawezi kuwapelekea wenyewe.

Haukupita mwezi, asubuhi moja, pumu ikambana mama. Timazi akambeba mgongoni mbio hadi kwenye geti la ukuta ule.

"Mwenyeji wenu nani?" mlinzi akauliza. "Apige simu kwanza."

"Tunapita tu, kaka. Mama hapumui."

"Namwona. Lakini nikiwafungulia, kesho sina kazi. Zungukeni barabara kubwa."

Tukazunguka. Mama alikata roho kabla hatujamaliza kuuzunguka ukuta, mimi nikiwa nyuma na kiatu chake kilichomdondoka.

Msibani hakuna aliyetaja ukuta, mpaka shangazi yake Timazi uzalendo ukamshinda.

"Mwanangu, si uliambiwa ungoje? Nani alikutuma kuziba?"

Timazi hakunitazama.

"Hakuna, shangazi. Niliamua mwenyewe."

"Mama yako mzazi," shangazi akasema, kisha akainuka akaenda kukaa mbali naye. Wengine wawili wakamfuata.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na birika mkononi. Nikajiambia nitasema, nikimaliza kumpa huyu chai nitasema. Nikammiminia huyu, nikammiminia yule, mpaka watu wakaaga.