Taa ya Birika la Bibi Hiraiwa

Kazi ya Kanae Mizoguchi ilikuwa kukaa majumbani mwa watu na kuwatazama wakitumia vitu. Kampuni yake ilitengeneza birika la umeme la wazee wanaoishi peke yao. Mzee akimimina maji, ujumbe unaruka hadi kwenye simu ya mwanawe, kwamba mama yu hai na anakunywa chai. Mtoto akiusoma, taa ndogo ya kijani inawaka kwenye birika. Ni kitu kizuri sana kwa mtoto mwenye shughuli nyingi, maana kinampunguzia safari.

Asubuhi hiyo ya Februari alikuwa Toyama, theluji imefika kiunoni, nyumbani kwa Tatsuko Hiraiwa, mjane wa miaka themanini na miwili. Binti wa mzee huyo, Sayo, ndiye aliyeipigia kampuni simu. Mwezi uliotangulia mama alianguka kwenye ngazi za nje, akalala kwenye theluji karibu saa nzima. Sayo alitaka kumhamishia kwake Shizuoka, kwenye joto. Mama alikataa katakata, na sababu aliyoitoa ilikuwa birika.

"Muulizeni nyinyi," Sayo alisema huku analia. "Mimi nimeshindwa."

Bibi Hiraiwa alimketisha Kanae kwenye meza fupi yenye blanketi, akamwekea biskuti za mchele, akaomba radhi mara tatu kwa uchafu ambao haukuwepo.

"Birika halikusumbui, mama?"

"Hata kidogo. Msumbufu ni mimi, kichwa kigumu kwa mashine. Kula basi, umekonda kama mtu wa Tokyo."

"Ndiko ninakokaa."

"Nilijua tu."

Kanae alicheka. Wazee wote humjibu hivyo, kwamba kosa ni lao. Birika likiwaunguza vidole, wao ndio huliomba radhi. Kwa hiyo aliacha maswali, akatazama.

Bibi alimimina chai ya kwanza, akaipeleka kwenye kabati dogo la kuwaombea marehemu, mbele ya picha ya mwanamume wa makamo mwenye tai iliyopinda. Aligonga kengele, akafumba macho. Kanae alichungulia karatasi zake. Mpokeaji wa ujumbe: Noboru Hiraiwa, mwana wa kiume, Nagoya.

"Huyo ndiye Noboru?"

"Ndiye. Moyo ulisimama akiwa kazini, mwaka juzi, mwezi wa kumi." Akageuka kulitazama birika. "Sasa ngoja."

Walingoja. Dakika ya saba ilipotimia, taa ya kijani ikawaka.

"Umeona?" bibi alinong'ona, uso umemchangamka kama msichana. "Kasoma."

Kanae alisisimkwa mwili mzima, na si kwa kumwogopa maiti. Zile dakika saba alizichagua yeye. Miaka minne iliyopita, wazee aliowahoji walikiri kwamba taa isipowaka wanashinda wakiikodolea macho. Akaandika pendekezo: taa iwake yenyewe baada ya dakika saba, mtoto awe amesoma au hajasoma. Wakubwa walimpigia makofi. Malalamiko yalikwisha, mabirika yakanunuliwa kwa wingi.

"Sayo anadhani nimechanganyikiwa," bibi alisema. "Sijachanganyikiwa. Maiti yake ilipochomwa, mifupa niliiokota mwenyewe kwa vijiti, nikaitia kwenye chungu. Lakini nikiondoka hapa, huyu atasoma nini? Wewe ni mtu wa kampuni, mwanangu. Niambie ukweli. Nani anasoma?"

Kanae alizifikiria zile ngazi za nje na barafu aliyopanda juu yake dakika chache kabla. Akashuka kwenye mto wa kukalia, akapiga magoti, akainama hadi paji la uso likagusa mkeka.

"Hakuna anayesoma, mama. Taa inawaka yenyewe. Ni mimi niliyeishauri kampuni. Nisamehe."

Theluji iliporomoka kutoka paani, ikaanguka bustanini kwa kishindo.

"Pole," Bibi Hiraiwa alisema hatimaye. "Umetoka mbali kote huko kuja kuniambia jambo zito hivi. Basi mwambie Sayo aje Jumapili. Nitafungasha."

Kanae alishusha pumzi. Angalau mtu mmoja angeokoka na ujanja alioubuni yeye.

"Na alipokuwa hai?" bibi aliuliza, polepole. "Miaka miwili ile, kabla hajafa. Taa ilikuwa yeye, au ilikuwa wewe?"

Jibu lilikuwa kwenye karatasi, magotini mwa Kanae. Katika miaka hiyo miwili Noboru alifungua ujumbe mara nne, zote katika wiki ya kwanza. Kanae aliigeuza karatasi, ikatazama chini. Alimwonea huruma mama huyu.

"Alikuwa yeye, mama. Kila siku. Hata siku za kazi nyingi hakuacha kusoma."

Bibi alilia, akajifuta kwa mkono wa nguo, akalia tena. Alipoinua kichwa, ule uchangamfu wa kisichana ulikuwa umemrudia.

"Kila siku! Na mimi nilidhani kazi zimemzidi." Alicheka kidogo. "Mtoto wa namna hiyo, kufa tu ndiko kutamzuia? Mashine yenu inajiwasha, sawa, nimekusikia. Na yeye anasoma. Mwambie Sayo asije. Nabaki."

Maneno machache tu ya ile karatasi yangetosha kumtoa kwenye nyumba ile. Kanae aliikunja, akaitia mfukoni.