Dawa Isiyongoja

Mwaka 1954, chupa ndogo za kwanza za dawa ya kansa ya tezi zilifika katika hospitali moja ya Élisabethville, Kongo. Aliyezipokea alikuwa Casimir Kalaba, msaidizi wa farmasi. Ndani mlikuwa na unga mweupe, mkali sana: chembe moja ikigusa ngozi, inaichoma. Casimir alivaa glavu, akauyeyusha, akajaza sindano mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya Jeannot, mwashi. Ya pili ilikuwa ya Virginie, mke wa fundi wa reli aitwaye Mwape. Wote wawili walikuwa na uvimbe mkubwa shingoni. Jeannot alidungwa palepale, asubuhi. Kabla ya zamu ya Virginie, daktari Mbelgiji aliitwa kumpasua mtu aliyeangukiwa na ukuta. Akaagiza sindano iliyobaki iwekwe kwenye frigo, yaani jokofu, na Virginie akadungwa saa tisa alasiri.

Siku ile Jeannot alitapika mpaka machozi yakamtoka. Virginie alikula bukari yake yote, ugali wa mahindi, akaomba nyingine.

Baada ya wiki mbili uvimbe wa Jeannot ulikuwa umenywea. Wa Virginie ulizidi kukua.

"Mwili yake inakatala dawa," daktari alisema. "Kesho arudi kwake."

Casimir alimjua yule mama. Walisali kanisa moja. Hakuweza kutulia. Akatafuta karatasi iliyokuja na zile chupa, akasoma Kifaransa chake cha herufi ndogo mstari kwa mstari. Dawa itumike mara tu inapoyeyushwa. Mara tu! Akavuka uwanja mbio, koti jeupe likipepea nyuma yake.

"Bwana Dokta, mwili haikukatala! Dawa ilikufa mbele ya kuingia!"

"Ilikufa namna gani? Ilikuwa mu frigo."

"Ata mu frigo! Unga mukavu inakaa muzuri. Lakini ukiitia mu maji, inaanza kuharibika palepale. Dawa nzima inatapisha: Jeannot alitapika. Mama Virginie alikula bukari. Bwana Dokta, tulimupiga maji tu!"

Daktari alisoma ile karatasi mara mbili. Masikio yakamwiva.

"Ni mi njo nilisema sindano ingoje," alisema polepole. "Kuko chupa ingine?"

"Kuko moja."

Asubuhi yake Casimir alibeba meza ndogo mpaka kando ya kitanda cha Virginie, akapanga glavu, maji safi na ile chupa.

"Papa Casimir, leo umehama na farmasi yote?" Virginie akauliza.

"Leo, mama, dawa itatoka mu chupa na kuingia mu mushipa. Haitapata nafasi ya kupumuzika."

Daktari alimfunga Virginie mpira mkononi, akatafuta mshipa. Casimir akayeyusha, akavuta, akamkabidhi sindano. Kwa saa ya daktari, hazikupita dakika nne.

Kisha wakangoja. Saa ya kwanza ikapita, Virginie hajatapika. Casimir alisimama mlangoni akijifanya anakunja bendeji. Saa ya pili ikakaribia kwisha, na ghafla Virginie akanyakua beseni.

"Anatapika!" Casimir aliruka, mikono juu. "Bwana Dokta, anatapika!"

Wagonjwa walidhani amerukwa na akili.

"Unafurahi juu ya kutapika kwangu?" Virginie alisema akijifuta mdomo.

"Sana, mama! Sana!"

Virginie akaanza kucheka, kisha beseni likamwita tena.

Siku ya tisa Mwape alikuja moja kwa moja kutoka karakana, mikono bado ina mafuta. Akagusa shingo ya mkewe kwa mgongo wa vidole, upande huu na upande ule, akiutafuta ule uvimbe.

"Iko wapi?" aliuliza. "Virginie, iko wapi?"

Daktari hakuwaficha kwamba ugonjwa ungeweza kurudi. Lakini Jumamosi ile Virginie alitembea kwa miguu yake mpaka nyumbani kwake, mtaa wa Kenya wa mjini humo, akisalimia kila mtu njiani. Na Jumatatu asubuhi daktari aliingia farmasi, akavuta kiti.

"Casimir, keti. Tusome karatasi za dawa zote."

"Zote?"

"Zote. Anza weye."

Casimir akaketi, akaanza kusoma kwa sauti kubwa.