Boliti Iliyokataa Kukatika

Mume wangu ni fundi wa mabomba. Walimchukua akafunge mabomba ya gesi ya hidrojeni, mbali huko, na kila akikaribia kurudi, boliti zinakatika, anaambiwa abaki azibadilishe. Upande wake wa kitanda nimerundika nguo za kupiga pasi nisiuone mtupu.

Boliti zenyewe zinatoka kiwandani kwetu, na mchanganyaji wa chuma kwenye tanuri ni mimi. Meneja wetu ana ugonjwa mmoja: boliti ikikatika, anataka iliyo ngumu zaidi.

"Ongeza manganisi, chuma kiwe kigumu," akasema.

"Bosi, ngumu ndizo zinazokatika! Hidrojeni inapenya, inajazana mahali pamoja, chuma kinapasuka bila hata kupinda. Nipe metali nyingine, vanadi, kidogo tu."

"Una uhakika?"

"Nina mume huko."

Akaguna, akakubali.

Vanadi ikikutana na kaboni ndani ya chuma hufanya chembe ndogondogo kotekote, na kila chembe huikamata hidrojeni papo hapo, isipate kwenda kujazana penye ufa. Nilichukua vipande viwili, kimoja cha manganisi na kimoja cha vanadi, nikavitia hidrojeni, nikavitundikia uzito uleule. Cha manganisi kilikatika kabla ya chai. Cha vanadi kikabaki. Kila asubuhi nilikiangalia kabla sijamsalimia mtu.

"Shikilia, baba, shikilia," nilikibembeleza, wenzangu wakicheka mpaka machozi.

Kikashikilia. Boliti mpya zikapelekwa, zikafungwa, haikukatika hata moja. Nikaondoa nguo kitandani, nikatandika shuka safi.

Jioni mume wangu akapiga simu.

"Mama watoto, boliti zako kiboko!" Kisha akashusha sauti.

"Nini tena?"

"Wakubwa wamezipenda. Wanataka vituo vyote vifungwe hizohizo. Na aliyezizoea ni mimi."

"Vituo vingapi?"

"Hawajasema." Akajaribu kucheka. "Ungeharibu kidogo tu, mke wangu."

"Zikikatika unabaki, zisipokatika unabaki!" nilifoka, halafu nikalia bila aibu. Nilimtaka yeye, sikutaka sifa.

Asubuhi meneja alinikuta nimesimama mbele ya kile kipande, bado kinaning'inia na uzito wake.

"Mtihani umekwisha, mama. Kishushe kipumzike."

"Kiache," nikamwambia. "Mwenzake wa huko mbali bado hajarudi."