Mlango wa Mwisho Koridoni

"Futa."

"Sifuti."

"Nimesema futa, kabla katibu hajafika huku akakuta huu upuuzi wako."

"Shangazi, hii ni rangi ya mafuta, siyo chaki. Ukitaka itoke, itoke na mlango."

"Basi ng'oa mlango!"

Shangazi alikuwa ameshika mopu kwa mikono miwili kama anataka kumtwanga nayo. Pengine angemtwanga kweli, ila sakafu katikati yao ilikuwa mbichi, na aliyeipiga deki ni yeye mwenyewe. Hakuwa na moyo wa kuikanyaga. Mtoto wa kaka yake, mpaka rangi ambaye mtaa mzima unamwita Brashi, alikuwa kwenye ngazi yake ya mbao, kopo limening'inia kwenye msumari, rangi nyeusi mpaka kwenye kiwiko. Mlangoni, mbele ya pua yake, maneno mawili ya Kiingereza yalikuwa yanang'aa: CLEANERS' ROOM. Chumba cha wafanya usafi.

Yameandikwa vizuri, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba hakuna aliyemtuma ayaandike.

Ilikuwa hivi. Hospitali imejenga jengo jipya, na katibu, mtu anayesimamia kila kitu pale kasoro dawa, alitaka milango yote iandikwe kabla watu hawajahamia. Shangazi alisikia. Akaenda ofisini kwake na mopu yake, akamwambia kuna kijana wetu nyumbani, ana mkono mzuri, mpole, hana maneno. Mkono mzuri ulikuwa kweli. Katibu akakubali, akampa Brashi karatasi iliyopigwa chapa, milango kumi na mitano, yote kwa Kiingereza, akamwambia: "Andika kama ilivyo. Usiongeze, usipunguze."

Sasa, Brashi shule aliiacha mapema na hajawahi kulia kwa ajili hiyo. Kiingereza chake chote kakiokota kwenye mabango. Lakini kuna kitu kimoja alikijua kuliko watu wengi waliomaliza shule, kile kialama kidogo kinachokaa juu, pembeni ya herufi. Alikijua kwa sababu kilimtoa jasho. Aliwahi kuandika bango la shule ya wasichana, akakiweka kabla ya s. Mwalimu mkuu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele, akatoka nje, akaangalia, akamwuliza, "Kwani shule yangu ina msichana mmoja?" Akamfanya arudie bango zima juani, na wasichana mia tano wanamchungulia madirishani wakicheka. Tangu siku hiyo hakukosea tena. Kabla ya s, mwenye mali ni mmoja. Baada ya s, wako wengi, na kitu ni chao wote.

Kwa hiyo alipokuwa anafuata karatasi ya katibu, mlango kwa mlango, jicho lake lilikuwa linafanya hesabu hiyo lenyewe. Chumba cha madaktari, alama nyuma ya s. Chumba cha wauguzi, hivyohivyo. Chumba cha madereva, na wao hivyohivyo. Madereva wako watatu tu, na mmoja yuko likizo! Kisha mlango wa nane, wa mwisho koridoni: stoo ya mfanya usafi. Stoo. Na mfanya usafi mwenyewe, mmoja.

Brashi aliufungua. Ndani kulikuwa na dirisha kubwa, bomba la maji, na nafasi kubwa kuliko chumba anacholala yeye. Kwenye kona, mopu tatu na pipa la sabuni, basi. Na anajua vizuri shangazi na wenzake wanabadilishia nguo wapi. Chini ya ngazi za saruji, kwenye jengo la zamani, wanawake tisa, wanakalia ndoo walizozipindua, mmoja anashika kanga mwenzake avue sare. Shangazi goti lake limevimba mwaka wa pili huu. Akikaa kwenye ndoo, kuinuka ni mpaka avutwe.

Hakufikiria sana. Yeye kufikiria sana si kawaida yake. Akachovya brashi.

"Hivi unajua mkataba wangu unaisha mwezi ujao?" Shangazi sasa alikuwa ameteremsha sauti, na hapo ndipo ilipotisha. "Unajua anayeusaini ni nani? Ni huyohuyo katibu. Na anajua wewe ni wa kwetu. Atasema nimekutuma."

"Nitamwambia hukunituma."

"Atakuamini wewe? Na hiyo sura?"

"Sura nimeichukua kwenu."

Shangazi alitaka kucheka, akajizuia. Akainua mopu, akaelekeza mpini kwenye maandishi. "Na hicho kidude cha juu ni nini? Si ndio kile cha kwenye ng'ombe?"

"Kinafanana. Ila hapa kinasema mko wengi, na chumba ni chenu."

Shangazi akakiangalia. Akashusha mopu.

Ndipo magurudumu yakasikika. Mtunza stoo alikuwa anakuja na toroli lenye viti vipya, vimepangwa kimoja juu ya kingine, bado na nailoni zake. Huyu mzee alikuwa na utaratibu wake, na hospitali nzima inaujua. Karatasi za ofisini haziamini, maana zimeshamletea balaa mara nyingi. Yeye anasoma mlango. Mlango ukisema chumba cha watu, anauliza wako wangapi, anashusha viti, anakwenda zake. Mlango ukisema stoo, anapita kama hajauona. Akasimama, akavaa miwani, akasoma herufi moja moja.

"Nyie wangapi?" akamwuliza shangazi.

Brashi juu ya ngazi akafunga mdomo, kitu ambacho kilimwuma. Shangazi akatazama huku, akatazama kule. Angeweza kusema, mzee, pita, huyu mtoto kakosea, hii ni stoo. Ilikuwa ndiyo nafasi yake ya kujitoa. Mzee akakohoa.

"Mama, nauliza. Nina orofa nzima inanisubiri."

"Tisa," shangazi akasema.

Mzee akashusha viti tisa, akasukuma toroli, huyoo.

Habari ndani ya hospitali haitembei, inaruka. Dakika kumi hazijaisha, wenzake shangazi wakaanza kuingia mmoja mmoja, wanakaa kwenye ncha ya kiti kama wageni msibani, hawataki hata kuegemea. Mmoja akasema, "Jamani, ina mgongo." Mwingine akamwambia anyamaze, asije akawaletea mkosi. Shangazi alikataa kukaa. Alisimama mlangoni na mopu yake, akingoja.

Katibu hakukawia. Alikuja na funguo zake zinalia, akasoma mlango, akatoa nakala ya karatasi mfukoni, akasoma karatasi, akasoma mlango tena.

"Nani kaandika hivi?"

"Mimi," Brashi akasema.

"Najua ni wewe, wewe ndiye mwenye brashi! Kakutuma nani?"

Brashi akafungua mdomo aseme hakuna. Shangazi akamwahi.

"Sisi."

Katibu akageuka. "Sisi nani?"

"Sisi hawa." Akakita mopu sakafuni. "Chumba hiki ni chetu."

Brashi alitaka kusema shangazi anadanganya, hakuna aliyemtuma, ni kichwa chake mwenyewe. Shangazi akamkata jicho moja, lile la tangu utotoni, Brashi akameza maneno.

Katibu hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa mtu wa karatasi. Akasimama pale anajikuna kidevu. "Hii orodha niliinakili kutoka jengo la zamani," akasema, kama anayejieleza. "Kule ilikuwa stoo, na huku nikaandika stoo."

"Kule tulikuwa chini ya ngazi," shangazi akasema.

"Chini ya ngazi wapi?"

"Pale unapopita kila asubuhi ukienda ofisini."

Katibu akasogea mlangoni. Akachungulia ndani, akawaona wote tisa kasoro mmoja, wamekaa kwenye ncha za viti, mikono mapajani. Akaona kiti kimoja kitupu, na nani hajakikalia.

"Na mopu zitakaa wapi?" akauliza mwishowe.

"Chini ya ngazi. Mopu haiumwi goti."

Mmoja kule ndani akaponyokwa na kicheko, akajiziba mdomo. Katibu naye nusura. Akakunja karatasi, akairudisha mfukoni. "Mlango mpya siukwangui," akasema. "Ubaki hivyo. Kaa, mama." Halafu akainua macho juu ya ngazi, na hapo sura ikabadilika. "Ila wewe, milango saba ya juu hutaiandika. Siwezi kuwa na fundi anayeandika anachotaka. Kesho utaniandikia nini, ofisi yangu ni jiko?"

"Ni haki," Brashi akasema. "Hata mimi ningejifukuza."

"Bosi, jamani, mtoto amekosa tu..." shangazi akaanza.

"Sijakosa," Brashi akasema, akashuka.

Alifunika kopo, akafuta brashi kwa kitambaa, akakunja ngazi, akaitupia begani. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona shangazi akikaribia kile kiti. Akakishika mgongo kwanza, akakitikisa kuona kama ni kizima, ndipo akakaa. Akakaa mpaka nyuma kabisa, goti akalinyoosha mbele.

"Huna akili," akamwambia kutoka kule ndani. "Jioni pita nyumbani ule."

"Nitapita."

"Na uoge kwanza!"

Brashi akageuka, akapita kandokando ya ukuta, ambako sakafu ilishakauka, akaenda zake.