Mche wa Sabuni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nakiri mapema, nisije nikasemewa na wengine. Kazini waliniita Redio, na redio ikikosa habari hubuni.

Kazi yangu ilikuwa kutembeza wageni kwenye chemchemi ya maji moto, ile inayotulia saa nzima kisha ikarusha maji juu kupita paa la nyumba. Dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa mpimaji pale, miaka kumi na tisa na kipimajoto chake. Mruko wenyewe haukumshughulisha. Alichopenda ni utando wa ukoga ulioota maji yanapotiririkia: wa manjano karibu na mdomo, wa chungwa mbele kidogo, wa kijani yanapopoa. Juu yake waliishi inzi wadogo kama vumbi la pilipili, na buibui waliowawinda.

"Hawa hawana kwingine," alikuwa akisema.

"Shemeji angepata nusu ya mapenzi haya, asingekonda," namjibu.

Siku hiyo chemchemi iligoma. Wageni sita wananitazama, dereva wao anapiga honi. Sisi watembezaji tulikuwa na ujanja wetu, ambao dada aliupiga marufuku: ukitia sabuni, maji huruka kabla ya wakati. Wenzangu walitia kipande. Mimi nikasubiri dada aingie ofisini, nikatumbukiza mche mzima.

Yaliruka, jamani! Wageni wakapiga makofi. Kisha chini kukanguruma, mawe yakaporomokea ndani, maji yakakohoa mara mbili, kimya.

Wiki ya tatu utando ulikuwa unabanduka kama rangi ya ukuta mkuukuu. Nilimkuta dada amechuchumaa, anapima joto la jiwe kavu na kuliandika. Inzi sikuona hata mmoja. Buibui alikuwepo mmoja, anatembea, anasimama, anatembea tena.

"Dada, nisamehe."

"Nilishakusamehe. Sogea, unanizibia mwanga."

Heri angenizaba kofi. Nikaketi kando yake, na mdomo wangu, kama kawaida yake, ukashindwa kutulia.

"Lakini na wewe umekaa kama uko msibani. Si ukoga tu?"

Akahamishia kipimajoto kwenye jiwe jingine.

"Halafu kilichoziba huzibuka. Maji yatarudi tu, dada'angu."

Hakuinua kichwa.

"Yakirudi, yatamkuta nani?"